Kiganja Nyuma ya Godoro

1

Wifi yangu Wande aliwasha moto, nami nikaweka kiganja nyuma ya godoro.

Hayo si magodoro ya kulalia. Ni ya kuvalisha kuta, na sisi watu wa kiwanda cha Kiganja hapa Shinyanga ndio tunaoyatengeneza. Ndani yake mna nguo kuukuu tu: majinzi yaliyochanika magotini, mashati ya Wazungu ambao sijui kama bado wako hai, mapazia, sare za shule, soksi zisizo na wenzake. Zamani za bibi yangu marobota ya nguo hizo yalikuja ili watu wavae. Siku hizi yanakuja ili yachambuliwe, yarudi kuwa nyuzi, yaloweshwe dawa ya moto, yashindiliwe na kuokwa, kisha yasimamishwe ukutani ili jua lisituue.

Wande alishika bomba la gesi, akaelekeza ulimi wa bluu katikati ya godoro. Ikasikika ile sauti niliyoizoea, ya kitu kinachofura polepole. Dawa yetu ndivyo inavyofanya kazi: ikikutana na moto, nguo haiwaki bali inavimba na kugeuka gaga gumu jeusi, na gaga hilo linaubakiza moto upande wa pili. Upande wangu nilihisi uvuguvugu tu, kama wa kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani.

"Uko huko, wifi?" aliuliza, kama alivyouliza kila asubuhi.

"Nipo."

"Na mkono?"

"Upo. Nimeupaka mafuta leo, usije ukanichafulia."

Wanawake wa mashine ya kuchambua walicheka. Wande naye akacheka, akazima moto. Nikatoka nyuma ya godoro, nikauinua mkono juu wauone, kisha nikauchovya kwenye wino mweusi na kuanza kuupiga chapa mkupuo mzima, godoro baada ya godoro, mpaka bega likaniuma. Ukienda nyumba yoyote ya majengo mapya, ukalibandua godoro na kuligeuza, utaukuta mkono wangu, vidole vyote na kovu la kisu kwenye kidole gumba.

Kwetu kazi hii hufanywa na watu wawili wawili. Mmoja ana tanuri, mwingine ana kiganja. Mwenye tanuri ndiye anayeoka na ndiye anayechoma. Mwenye kiganja haruhusiwi hata kuchungulia chumba cha tanuri, asije akajichagulia godoro zuri. Na wawili hao hawawi watu baki. Ni mama na binti, mtu na dada yake, wifi na wifi. Waasisi wetu walifikiri hivi: nani atakayeoka ovyo ilhali anajua kwamba moto atauelekeza kwenye mkono wa mtu wake? Mimi niliuona utaratibu huo kuwa mzuri kuliko yote. Niliwacheka waziwazi watu wa viwanda vingine wanaotegemea vyombo vya kupimia.

Zamani kulikuwa na ndoo pia. Godoro lilifuliwa kwanza, likakaushwa, ndipo likachomwa, kwa kuwa dawa isiyookwa inatoka na maji na iliyookwa haitoki. Lakini ndoo ilileta ugomvi. Ukiitaja tu, mwenzako anakukazia macho na kukuuliza, "Kwani huniamini?" Kuna ndugu wawili wa toka nitoke walioacha kusalimiana kwa sababu yake. Basi ikaachwa. Nilipoanza kazi, ndoo ile ilikuwa ya kudekia sakafu.

2

Mchana wa siku hiyo nilikwenda kumwona mama yangu Jengo la Dengu. Majengo yetu yamepewa majina ya mazao yaliyolimwa hapa kabla ya Joto Kuu: Dengu, Mtama, Choroko. Jua likiwa juu hakuna anayetembea nje. Tunapita njia za chini ya ardhi, tunapanda ngazi za ndani, na ukifungua mlango wa nyumba iliyovalishwa, ubaridi unakupokea usoni na unashukuru Mungu.

Kaka yangu Shija hakuwahi kuupata ubaridi huo. Alikuwa mume wa Wande. Joto Kuu lilipokuja, wao walikuwa bado wanaishi kwenye nyumba ya mabati, na Wande alirudi kutoka kutafuta maji akamkuta ameketi kitandani, beseni tupu miguuni, amekwisha kufa. Watu wengi walikufa hivyo mwaka ule. Baada ya matanga Wande aliingia kiwandani na hakupumzika tena. Alikuwa akisema hatalala mpaka kila mtu wa mji huu awe ndani ya godoro, na kweli, jengo baada ya jengo, aliwaingiza. Mji mzima ulimsifu. Mimi nilimpenda kuliko ndugu zangu wa damu waliobaki, nasema hivyo bila aibu.

Nilimkuta Mayu, ndivyo ninavyomwita mama, ameketi kwenye kigoda anasugua sufuria.

"Shikamoo, Mayu."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, funga mlango, usinimalizie ubaridi."

Sufuria ilikuwa inang'aa mpaka ndani. Nilimtania kwamba siku hizi amepata sabuni ya matajiri.

"Sabuni gani? Si huu unga wenu."

"Unga upi?"

"Wa ukutani." Alinyoosha mkono kwenye kopo la maziwa lililokuwa pembeni. "Unatoka wenyewe pale chini kwenye maungio. Naufagia, natia humu. Ghorofa nzima tunautumia. Mzee Bundala wa mlango wa pili anasafishia meno yake ya bandia. Hivi mlitutilia makusudi?"

Nilichovya kidole kwenye kopo, nikaonja. Chumvi, kisha uchungu kidogo nyuma ya ulimi. Ladha hiyo naijua. Dawa ya moto naichanganya mimi mwenyewe, kwa majivu ya mifupa na maji makali yanayonitoa machozi, na kila siku inanirukia mdomoni.

Nikakaa kitandani kwa Mayu.

Kuta za majengo yetu hutoa jasho. Nje kuna joto la kukaanga, ndani kuna ubaridi, na katikati unapita mvuke wa ugali, wa maji ya kuoga, wa pumzi za watu. Unyevu huo unaingia godoroni usiku na kutoka mchana. Dawa ikiwa imeokwa, imeshikana na uzi na haina habari na maji. Ikiwa haikuokwa, jasho linaibeba kidogo kidogo mpaka sakafuni. Mama yangu alikuwa akifagia kinga yake ya moto na kuitia kwenye kopo.

"Una nini? Umebadilika sura."

"Nisaidie kusogeza kitanda, Mayu."

Nililegeza skrubu za godoro la chini, nikalivuta, nikakata ukanda wake kwa kisu cha jikoni. Nyuma yake ulikuwepo mkono wangu. Tuliupeleka ukanda ule bafuni, tukauweka juu ya saruji, na Mayu akanipa kiberiti bila kuuliza zaidi. Njiti moja ilitosha. Haukufura, haukufanya gaga. Uliwaka palepale kama nguo yoyote iliyotupwa jikoni, na ile poliesta iliyochanganyika humo ikaanza kuyeyuka na kudondoka matone ya moto. Mayu aliumwagia beseni la maji.

Tukabaki tunautazama. Kipande kilichosalia kilikuwa na vidole vyangu viwili.

"Huu si mkono wako?" aliuliza.

"Ni wangu."

"Wande anajua habari hii?"

Nilimwambia sijui. Moyoni nilikuwa tayari nimeanza kumtetea. Labda ni mkupuo mmoja tu. Labda tanuri liliharibika siku hiyo naye hakugundua, maana mashine ni mashine. Nilijitungia sababu nyingi njiani nikirudi, na kila moja niliiamini mpaka nilipofika mlango wa chumba cha tanuri.

3

Mlango huo sikuwahi kuufungua tangu niajiriwe. Juu yake kuna taa nyekundu inayoonyesha kwamba tanuri linafanya kazi. Taa ilikuwa inawaka. Wande alikuwa amekwenda nyumbani kula. Nikasukuma.

Chumba kilikuwa na ubaridi.

Mkanda ulikuwa unakwenda. Magodoro mabichi yaliingia upande huu wa tanuri na kutokea upande wa pili, mazuri, yamenyooka, yamekaushwa kwa feni. Niliingiza mkono kwenye kinywa cha tanuri, mkono huuhuu, nikagusa chuma. Ndani, kwenye kona ambapo moto ulipaswa kuwa mkali kuliko kote, mjusi alikuwa ametaga mayai. Aliniangalia tu, hakukimbia. Ilikuwa nyumba yake ya siku nyingi.

Nilicheka. Sijui kwa nini, lakini nilicheka peke yangu mle ndani, kisha kicheko kikageuka kilio cha hasira. Nilijiona asubuhi zote zile nikisimama nyuma ya godoro, najipaka mafuta, naleta utani, nainua mkono juu watu wapige makofi. Godoro lililotoka kuloweshwa juzi haliwaki, liokwe lisiokwe. Dawa bado ipo. Mkono wangu usingeungua hata tungechoma mwaka mzima. Wande alilijua hilo, nami ningelijua kama ningefikiri kidogo, lakini nifikiri nini na mtu wangu ndiye aliyeshika bomba?

4

Nilimkuta Wande kwake, Jengo la Mtama, anapakua wali. Watoto wa Shija walikuwa shuleni.

"Karibu, wifi. Vuta sahani."

"Nimetoka kwenye tanuri."

Aliweka upawa chini taratibu. Hakujifanya hajui, na kwa hilo nampa haki yake. Alikaa, akafuta mikono kwenye kanga yake.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu jengo hili, la Mtama."

Jengo la Mtama ni la pili kuvalishwa. Baada yake ndiyo mji wote, Dengu pia.

"Kwa nini, wifi?"

"Kwa sababu ya umeme. Tanuri lile linakula umeme wa majengo mawili ya vipoza hewa, na umeme wa jua tulionao unagawanywa kwa kila kitu, pampu za maji, hospitali, kila kitu. Walinipa saa chache tu za kuoka, na hakuna binadamu atakayekubali kuzimiwa ubaridi ili nipate zaidi. Unajua nilikuwa natoa magodoro mangapi kwa saa hizo? Ya kuvalisha nyumba moja. Na watu wako kwenye mabati, Minza. Kila siku naletewa majina. Nikalizima. Mkanda ukaenda mbio, watu wakaingia ndani, wakaacha kufa. Sasa niambie nilikosea wapi."



"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekuambia, mkono wako ungetetemeka. Wachambuaji wangeuona. Wakubwa wa mji wangeuona. Wewe huwezi kuficha kitu, uso wako wote uko nje. Watu hawakuingia mle kwa sababu ya dawa, nani anaielewa dawa? Waliingia kwa sababu ya mkono wako."

Maneno hayo yaliniuma kuliko tanuri baridi. Nilikuwa nimefikiri kwamba mimi ni mwenzake. Kumbe nilikuwa kifaa, tena kizuri kwa sababu hakijui kitu.

Niliinuka ili nisimtukane. Nikatembea mpaka ukutani, nikapitisha kidole kwenye maungio ya magodoro, pale chini yanapokutana na sakafu. Kikatoka safi. Nikapiga magoti, nikapitisha tena, ukuta mzima, mpaka nyuma ya kabati. Hapakuwa na chembe ya unga.

"Wifi," nikasema nikiwa bado nimepiga magoti. "Haya ya humu umeyaoka."

Alianza tena kufuta mikono kwenye kanga.

"Wande. Umeyaoka haya?"

"Humu kuna watoto wa kaka yako." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ulitaka watoto wa Shija waungue?"

"Na kule Dengu yupo mama yake Shija! Nani alimfungia yale magodoro? Si wewe na mimi? Si ulishika skrubu kwa mkono wako ukimwambia, mama, sasa lala salama?"

Alifunika uso kwa kanga. Nililia naye, ndiyo, kwa sababu mtu haachi kupenda kwa siku moja, lakini nililia nikiwa nimesimama mbali.

Alipotulia alianza kunibembeleza. Tusubiri mvua. Mvua zikianza na joto likipungua, tutabadilisha kimyakimya, nyumba kwa nyumba, hakuna atakayejua. "Ukisema sasa, watayang'oa kwa hofu leo hii. Kesho jua litawakuta kwenye tofali tupu. Wazee wataanza, kisha watoto wachanga. Watakuwa wamekufa kwa mdomo wako, wifi, si kwa tanuri langu."

Hilo ndilo nililoondoka nalo, na sikuweza kulitua. Alikuwa anasema kweli. Nikisema, joto litaua. Nikinyamaza, siku mtu atakapoangusha jiko au betri ya kipoza hewa itakapolipuka, jengo zima litawaka kutoka ndani ya kuta, na ngazi ni moja. Nilipita Dengu tena jioni ile, nikasimama koridoni. Kila mlango ulikuwa na harufu yake. Huyu anakaanga dagaa, yule anaunga maharage. Nilijikuta napanga moyoni: tukianza na ghorofa ya juu, tukiwaambia tunakagua panya, tukiwapa sababu hii au ile...

Ndipo nilipojishtukia. Nilikuwa nimeanza kufikiri kama Wande. Nilikuwa nimesimama nje ya milango ya watu nawaamulia kifo kilicho nafuu, na wao wako ndani wanapika, hawana habari. Nikagonga kwa Mayu.

"Mayu, nina godoro jipya nataka ulifue."

"Nilifue? Kama blanketi?"

"Kama blanketi. Kwa maji mengi, ulikanyage. Kisha ulianike juu ya paa."

5

Jengo la Choroko lilikuwa linakabidhiwa wiki ile. Makabidhiano hufanyika asubuhi mapema uani, kabla jua halijakomaa, na desturi ni kwamba kabla watu hawajapewa funguo, godoro moja linachomwa mbele yao huku kiganja kikiwa nyuma. Walikuja wanaohamia na vitanda vyao vimefungwa kamba. Walikuja wa Dengu na wa Mtama kutazama. Wakubwa wa mji walitoa hotuba ndefu. Wande alisimama kando na bomba la gesi, amevaa gauni lake la kitenge la sherehe. Nilipompita aliniuliza kwa macho tu, nami nikatazama chini. Alielewa kwamba nimekubali kusubiri mvua. Nilimwacha aelewe hivyo, na sijutii, ingawa nilijisikia vibaya kumfanyia mtu kile nilichokuwa nalalamikia.

Zamu yetu ilipofika, watu walipiga makofi. Nililibeba godoro lililokuwa tayari limeandaliwa, nikaliweka chini. Kisha Mayu akatoka katikati ya watu wa Dengu, amebeba la kwake kichwani.

"Tutachoma hili," nikasema.

Wande alilitazama. Lilikuwa limefifia rangi kidogo na lilikuwa jepesi, mtu wa kazi hii analijua kwa jicho.

"Na leo tunabadilishana," nikaendelea. "Miaka yote wifi yangu amechoma na mimi nimeweka mkono. Leo nipe bomba, wifi. Wewe weka mkono."

Watu walishangilia. Walidhani ni pambo la sherehe, jambo la heshima. Mzee Bundala alipiga mluzi kwa meno yake safi. Wande alinipa bomba kwa sababu hakuwa na namna, na vidole vyetu viligusana, vyake vilikuwa vya baridi.

"Minza," alisema kwa sauti ya mimi tu kusikia. "Usinifanyie hivi."

"Mayu amelifua," nikamjibu. "Kwenye beseni. Mara tatu."

Mayu alisikia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama. Alimsogelea mkwe wake, akamshika kiwiko kama anavyomshika siku zote wakipanda ngazi.

"Weka mkono, mwanangu," alisema. "Kama ni jema, weka. Mimi nalala ubavuni mwa godoro kama hili kila siku."

Wande alizunguka nyuma ya godoro. Nilimwona akiunyoosha mkono, kiganja kikashikana na kitambaa. Nikawasha. Ule ulimi wa bluu ukatoka, nikausogeza. Nilikuwa namwomba Mungu mambo mawili yasiyokaa pamoja, kwamba Wande auache mkono wake pale ili nijue kulikuwa na kitu cha kweli kati yetu, na kwamba autoe upesi.

Aliutoa. Moto ulikuwa bado haujagusa kitu. Ulikuwa mbali, umbali wa mkono mzima, naye akaruka nyuma akakikumbatia kiganja kifuani kama kimekwisha kuungua.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Watu hawa wameishi na desturi hii, wanajua maana ya mwenye tanuri kuukimbia moto wake mwenyewe. Nikausogeza ule moto uguse, ili wamalizie kuona. Godoro likawaka kutoka chini hadi juu, likadondosha matone ya moto kwenye vumbi, na waliokuwa mbele wakarudi nyuma wakisukumana.

Wa kwanza kusema alikuwa Mzee Bundala, na hakusema na Wande. Alinijia mimi.

"Binti, ukutani kwangu kuna mkono. Nilimwonyesha mjukuu wangu nikamwambia, lala, huyu mama ameushika moto kwa ajili yako. Ule mkono ni wa nani?"

Ningeweza kumnyooshea Wande kidole. Nilikuwa na haki, na ulimi ulikuwa tayari. Lakini Wande hakuwahi kupiga chapa hata godoro moja.

"Ni wangu, mzee," nikasema.

Niliwaeleza yote, umeme, tanuri, mjusi, unga wa ukutani. Niliwaambia pia kuhusu jua, kwamba wakiyang'oa magodoro leo watakufa kwa joto, na wakiyaacha wanaweza kufa kwa moto, na kwamba sijui lipi ni lipi. Wapo walionitukana. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alinitemea mate miguuni, nami sikumlaumu. Wakubwa wa mji waliondoka kabla sijamaliza. Kisha watu wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, jua likipanda, mpaka tukahamia wote kwenye njia za chini ya ardhi na ubishi ukaendelea huko.

6

Hawakuyang'oa. Walitoa majiko nje. Sasa hivi watu wote wa Dengu na Mtama wanapika uani alfajiri, na betri zimepangwa nje kwenye kibanda, na kila ngazi ina mlinzi na mapipa ya maji. Na lile ambalo Wande alisema kwamba binadamu hawezi kulikubali, walilikubali wenyewe, tena Mzee Bundala ndiye aliyelitaja: kila adhuhuri wanazima vipoza hewa, jengo zima, na umeme unakwenda kwenye tanuri. Naoka mimi. Mjusi tulimhamishia ghalani pamoja na mayai yake.

Leo ilikuwa zamu ya nyumba ya Mayu kubadilishiwa. Nilimkuta amejifunika kanga mbichi kichwani, jasho linamtiririka shingoni, anajipepea kwa mfuniko wa kopo. Nilianza na lile la nyuma ya kitanda.

"Mnaweka mkono wa nani siku hizi?" aliuliza.

"Hakuna mkono, Mayu. Tunafua, tunachoma, tunaweka kipimajoto."

"Na wifi yako?"

"Sijamwona. Alikuja getini juzi na watoto, nikapitia mlango wa nyuma."

Hakunigombeza. Alijipepea, kisha akasema, kama anayesema na mtu mwingine aliyekaa naye chumbani:

"Saa hizi chache tu za joto. Angetuuliza. Mimi mama yake Shija ningekataa?"

Nilivuta godoro la mwisho, nikaligeuza upande wenye mkono wangu ukabaki ukitazama sakafu. Ukuta ukawa wazi. Nikaweka kiganja juu ya tofali, pale ambapo jua la nje lilikuwa limefika. Lilikuwa la moto kweli. Niliuacha mkono pale kwa muda, kisha nikautoa.